Nyayo Nyuma ya Kisigino

Kwa viziwi jina halitamkwi, linaonyeshwa. La mama mdogo wangu lilikuwa kugusa kisigino kwa vidole viwili na kuvirusha mbele, maana yake ukikimbia naye hicho ndicho utakachobaki kukitazama. Sisi wenye midomo tukalifupisha tukamwita Kisigino. Likamganda mpaka dukani, mpaka kazini, na jina alilopewa na wazazi likabaki la kwenye kitambulisho tu.

Yeye alikuwa kitinda mimba wa bibi, na mama yangu alikuwa kifungua mimba, kwa hiyo mimi na mama mdogo tulipishana miaka minane tu. Tulikulia nyumba moja, wanawake watupu: bibi, mama, Kisigino na mimi. Nilijua kuongea kwa mikono kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nilipokua nikawa msusi, kazi ambayo maneno ni mengi kuliko nywele, na wateja wakanitania kwamba siku ya kugawiwa ndimi nilichukua wangu na wa mama mdogo nikaondoka nazo zote mbili. Si uongo sana.

Kisigino alikuwa mkata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji. Mashine za pale zilikuwa za zamani, zenye kelele ya kumtoa mtu akili. Wenzake walijaza pamba masikioni, na bado wakirudi nyumbani waliongea kwa kupayuka kama watu walio ng'ambo ya mto. Yeye alisimama siku nzima mbele ya kile kisu kipana, kiganja kimoja juu ya meza ya chuma, ametulia tuli. Ukimtaka humwiti, unakanyaga sakafu kwa nguvu, na mbao zinampelekea habari. Aliwahi kuniambia kwamba kiwandani ndiko kwenye uhai, kila kitu kinatetema, na kwamba akirudi nyumbani sakafu yetu ya saruji anaiona kama imekufa.

Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa na miaka sita homa ya uti wa mgongo ilipoingia nyumbani kwa bibi ikawalaza watoto wawili, yeye na kaka yake aliyemtangulia. Kaka akafa. Yeye akaamka siku moja akamwona mama yake anafungua mdomo na kuufunga, akadhani anataniwa. Hayo nilisimuliwa na mama, tena kwa ufupi, bibi akiwa hayupo. Huyo mjomba wangu hakuwa na picha ukutani wala shati kabatini, na mbele ya bibi hatajwi. Nilijua kwamba alikuwapo duniani, basi. Zaidi ya hapo sikujua kitu, na naomba mlishike hilo, kwa sababu baadaye wapo walioniambia kwamba niliyatunga mwenyewe.

Mbio Kisigino alizipata klabuni. Klabu ya viziwi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kibanda cha fundi viatu, na Mwenyekiti alikuwa huyo huyo fundi viatu, kiziwi wa kuzaliwa, mzee mwenye vidole vilivyokaukiwa na gundi. Akianza kusimulia, unatamani umfunge mikono. Hadithi yake ilikuwa moja. Mwaka wa 1924, mjini Paris, kiziwi mmoja aliyekuwa fundi wa magari aliwakusanya viziwi wa nchi tisa washindane, nyakati ambazo watu wenye akili zao timamu waliamini kiziwi ni nusu mtu. Walemavu wengine wote walikuwa bado hawajapata michezo yao ya dunia. "Hatukupewa," Mwenyekiti alisema kila mara, akijipiga kifua. "Tulijipa."

Angeendelea hapo mpaka chai ipoe. Jinsi walivyoiita michezo ya kimya. Jinsi bunduki ya kuanzishia mbio isivyo na maana kwa asiyesikia, wakaweka bendera, na baadaye taa zinazowaka mbele ya mkimbiaji pale anapoinama. Jinsi vita kuu ya pili ilivyoikatiza, na waliporudi baada ya miaka kumi kuna waliokimbia pamoja kabla ya vita ambao hawakuonekana tena, na aliyeulizia hakupata jibu. Alikuwa na picha moja ya gazeti ya uwanja uliojaa watu wanaoshangilia kwa namna ya viziwi: maelfu ya mikono imeinuliwa, vidole vimetawanywa, inatikiswa hewani. Yeye aliiona nzuri. Mimi niliitazama mara moja nikairudisha. Mikono mingi namna ile juu ya vichwa, na huku unajua hakuna sauti, haikunikalia vizuri.

Kisigino aliitaka safari ya michezo ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Si kwa ajili ya medali. Alitaka kukaa siku kadhaa mahali ambapo kila anayekutana naye anaongea kwa mikono, asihitaji mimi niandamane naye kama mlezi na mtoto. Aliniambia hivyo bila kunificha. Niliumia, kwa sababu nilidhani napendwa kwa huduma yangu. Kisha nikaona ana haki.

Alikimbia mita mia nane. Mkimbiaji kiziwi ana shida ambayo wengine hatuijui: hasikii anayemjia kwa nyuma, kwa hiyo hana budi kugeuza shingo, na kila akigeuza anapoteza. Kisigino hakugeuka hata siku moja. Alijua aongeze mwendo wapi na apumue wapi, na kocha, ambaye alikuwa mwalimu wa mazoezi wa shule ya jirani, alimuuliza anajuaje. Alimjibu anajua tu. Mimi nilimuuliza nyumbani, tukiwa tunakunja nguo.

"Kuna mtu nyuma yangu," alisema. "Nikichoka ananikaribia. Nikiongeza anabaki kidogo."

Nilimuuliza kama anamhisi kwa ardhi, kama anavyohisi mbao za kiwandani. Akatikisa kichwa, akagusa sikio. Nikacheka, nikamwambia hiyo ni dhihaka kwetu sisi tunaosikia. Hakucheka. Alichukua shuka lingine akanipa pembe mbili nishike.

Tangu hapo nilikuwa nikienda uwanjani asubuhi nikiwa na nafasi, na kuna kitu nilikiona ambacho kwanza sikukipa uzito. Mlinzi wa uwanja alikuwa na mbwa, jibwa jeupe zee, ambalo lilipenda kukimbia na wanariadha. Kwa wengine wote lilikimbia pembeni au miguuni kabisa mpaka wakalifukuza kwa mateke. Kwa Kisigino lilikimbia nyuma, limeacha nafasi ya kumtosha mtu. Akipunguza mwendo nalo linapunguza, nafasi inabaki. Mara nyingine lilikuwa linainua pua na kutazama juu pale mbele yake penye utupu, kama mbwa anavyomtazama mtu aliyemzoea. Nilimwonyesha mlinzi. Mlinzi akasema mbwa ameshazeeka, macho hayana kazi.

Mwaka ule Kisigino akateuliwa kwenda. Kilichobaki ni masikio. Michezo ya viziwi ina sheria yake: lazima uwe umepoteza usikivu wa desibeli hamsini na tano au zaidi katika sikio lako lililo bora, na hata wenye vifaa vya kuwasaidia kusikia huvivua kabla ya kukanyaga uwanja, ili wote waanze katika ukimya mmoja. Sheria ni nzuri, maana wamewahi kutokea watu wanaosikia waliotaka kujipenyeza wapate ushindi wa bure. Kwa hiyo kila mteuliwa anapimwa. Kwa Kisigino tuliona ni kupoteza nauli. Mama alisema ingekuwa afadhali wapime kama samaki anajua kuogelea.

Nilikwenda naye kama mkalimani. Kipimo kinafanyika ndani ya kijumba kilichojengwa ndani ya chumba, kuta zimevikwa sponji, mlango mzito kama wa jokofu la buchani, na sakafu imeinuliwa juu ya mipira ili hata mtikisiko wa malori barabarani usiingie. Niliingia kumwelekeza. Mlango ulipofungwa nilianza kusikia mwili wangu: mate yakishuka, moyo, na kitu kama mvumo ambacho mpimaji aliniambia baadaye kuwa ni damu. Kisigino alikuwa amevua viatu. Alikanyaga sakafu, akaikanyaga tena kwa nguvu, akanitazama kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta pesa hazimo.

"Hakuna kitu," alisema. "Hakuna chochote kabisa."

Nilimwambia ndivyo wanavyotaka. Nikamvalisha vipokea sauti vya masikioni, nikampa kitufe mkononi, nikamweleza: ukisikia, bonyeza. Nikatoka.

Mpimaji alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya chini. Alikaa mbele ya mashine yake karibu na kidirisha cha kioo, na mezani pake palikuwa na taa nyekundu inayowaka kila anayepimwa anapobonyeza. Alianza na sauti ndogo. Kimya. Akapandisha, akapandisha, mpaka nikawa naisikia mimi niliyekuwa nje, mlio mwembamba unaochoma meno. Taa haikuwaka. Mpimaji akanitabasamia, akasema huyu hana hata chembe.

Ndipo taa ikawaka. Ikazimika, ikawaka tena. Mpimaji akakunja uso, akasema hajatoa sauti yoyote. Akazima mashine kabisa, akaniita nione kidole chake kilivyo juu ya swichi. Taa iliendelea. Inawaka kidogo inazimika, inawaka kwa kukawia inazimika. Fupi, ndefu. Fupi, ndefu. Nilichungulia kwenye kioo. Kisigino alikuwa amekaa wima, amefumba macho, na uso ameugeuza kidogo kuelekea begani. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Kiziwi hageuzi sikio, anageuza macho. Vile alivyokaa ni vile anavyokaa mtu anayesikiliza mtu anayekuja kwa nyuma.

Nilimwuliza njiani kwa nini alibonyeza. Akanishangaa.

"Uliniambia nikisikia nibonyeze. Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Nyayo."

Nikamwambia alitakiwa abonyeze kwa mlio wa mashine tu. Akaniuliza mlio wa mashine ukoje. Nilifungua mikono nikaifunga. Mimi mwenye ndimi mbili nilisimama katikati ya barabara nikashindwa kumweleza mtu mlio ni nini.

Taarifa ilifika kwa katibu wa timu, bwana mmoja anayesikia, mwenye suti na haraka. Katibu hakutaka kujua habari za nyayo. Alisema anayebonyeza bila sauti ama anasikia na anababaisha, ama anacheza, na kwa yote mawili nchi inaaibika. Kipimo cha pili na cha mwisho kingekuwa wiki ifuatayo. Akibonyeza ovyo tena anabaki nyumbani, na aliye wa pili wake anapanda ndege. Klabuni ikawa mbaya zaidi. Kwa Mwenyekiti, mtu anayesikia kuingia michezo ya viziwi ni mwizi aliyeingia nyumba aliyojenga masikini. Kisigino alipoanza kujieleza, mzee aligeuza macho akatazama viatu vyake. Wengine wakafuata. Kwa watu wa mikono hakuna kumnyamazisha mtu kunakozidi huko, unaongea hewani peke yako. Alirudi nyumbani akavua viatu mlangoni, akakaa chini palepale.

Ilikuwa siku chache kabla ya kipimo hicho cha pili, mchana, tunasubiri chakula. Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Mimi nilikuwa na kijiko na mawazo yangu, na bila kujua nikawa nagonga meza. Ile taa ilikuwa imeniingia kichwani, siku zote hizo ilikuwa inawaka humo. Fupi, ndefu. Fupi, ndefu.

Mikono ya bibi ikasimama.

"Nani kakufundisha mwendo huo?" akauliza.

Nilimuuliza mwendo gani. Akasema huo ninaopiga. Mama alitokea jikoni, mikono inachuruzika maji, akasimama mlangoni. Nikaangalia uso wa mmoja, nikaangalia wa mwingine, nikaweka kijiko chini.

"Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi," bibi alisema. "Akikimbia uani nilimjua hata nikiwa nimelala."

Sikuwa nimemweleza bibi habari ya taa. Wala mama sikuwa nimemweleza, zaidi ya kusema kwamba kipimo kimeleta utata. Nikawaeleza yote, na nilipofika kwenye yule mbwa mama aliniambia inatosha.

Kisigino aliporudi kazini bibi alimsubiri mlangoni. Bibi hakuwahi kujifunza mikono, zaidi ya kula, kuumwa na njoo. Miaka yote hiyo alikuwa akimwogopa kidogo binti yake, nadhani, kwa kuwa ndiye aliyebaki. Sasa akamshika mkono, akaniambia nitafsiri.

"Muulize anasema nini."

"Hasemi," Kisigino alijibu. "Anakimbia tu nyuma yangu, tangu zamani. Mle ndani kulikuwa kimya sana nikamsikia vizuri. Anakimbia, anakimbia, hafiki."

Bibi akasema nimuulize kama ana baridi. Nilitafsiri, na Kisigino akasema hajui. Mama akaingilia. Alisema tangu enzi na enzi tumefundishwa, ukiitwa na usiyemwona usiitike, na kwamba kuna safari hapa, kuna maisha ya mtu, marehemu aachwe alale. Sijawahi kumwona bibi akikasirika kama siku ile. Hakupaza sauti.

"Huyo si wa kutoitikiwa," alisema. "Huyo ni mwanangu." Kisha akamgeukia Kisigino, akamwonyesha ishara moja katika zile tatu alizozijua, ile ya njoo. Akaionyesha tena na tena. Nilielewa, naye Kisigino alielewa: akikuita, mwitikie, aje.

Basi mambo yakawa hivyo. Kuitikia ni kubonyeza, kwa sababu ndani ya kile kijumba yeye hakuwa na jibu jingine mkononi, na kubonyeza ni kubaki. Kisigino hakutuambia ataamua nini. Alikwenda kazini, akarudi, akala. Usingizini mikono yake ilikuwa ikichezacheza juu ya shuka, na mimi niliyelala kitanda cha pili nikajilazimisha nisiisome.

Siku ya kipimo katibu alikuja mwenyewe. Alisema mkalimani asiingie wala asikae karibu na kioo, asije akampa ishara, kwa hiyo nikakaa kwenye benchi nje, nikitazama mlango. Alitoka akiwa ameshika viatu mkononi. Mpimaji nyuma yake alikuwa anatabasamu. Taa haikuwaka hata mara moja, alisema, mwanzo mpaka mwisho. Kiziwi kamili wa masikio yote mawili. Katibu akampa mkono. Kisigino aliutazama ule mkono kwanza, kama hajui ni wa nini.

Bibi alikuwa ameketi nje ya mlango tulipofika. Aliuliza kwa macho tu. Kisigino akamwambia, nami nikatafsiri, kwamba safari hii hakuja. Bibi akaitikia kwa kichwa. Alikaa pale mpaka jua likamfikia usoni, na mama alipomwambia aingie ndani alisema anaota joto.

Mazoezi yaliendelea. Mara ya kwanza nilipokwenda uwanjani baada ya hapo nilisimama mahali pangu pa siku zote, na Kisigino alipopita nilitazama mbwa. Alikuwa anakimbia miguuni pake kabisa, pua ikigusa viatu, mpaka akamkanyaga. Ile nafasi haikuwapo. Nilirudi nyumbani kabla hajamaliza mizunguko yake.

Akaenda. Ya huko niliyapata kwa Mwenyekiti, ambaye alisafiri na timu na kurudi akiwa na hadithi mpya mwishowe. Alisema mabweni yalikuwa yanawaka taa mpaka usiku wa manane, kwa sababu viziwi wa nchi mbalimbali wakikutana hawalali, na Kisigino alikuwa katikati yao, anacheka, anafundishwa ishara za watu wa mbali na kuwafundisha za kwetu. Nilifurahi kusikia hivyo. Alichokitaka alikipata, nisiseme uongo.

Fainali, taa ziliwaka, akatoka vizuri, akaongoza. Kwenye kona ya mwisho akageuka nyuma. Mwenyekiti alidhani anapima umbali. Akageuka tena, kisha tena, na safari hii, alisema mzee, hakuwa anawatazama waliokuwa wakimfukuza. Alitazama chini nyuma yake, usawa wa kifua cha mtoto. Wawili wakampita. Akaingia wa tatu, na uwanja mzima ukamwinulia mikono.

Nchi ilifurahia shaba yake. Kiwandani walizima mashine zote kwa heshima yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na aliyekuwapo aliniambia Kisigino alitetemeka, akaomba waziwashe. Medali alimpa bibi. Viatu vya mbio akampa binti mmoja wa klabu. Kocha alikuja nyumbani kumbembeleza, katibu alikuja na soda, Mwenyekiti alikuja na historia yote tangu Paris. Aliitazama mikono yao na yangu, akawaambia amechoka.

Mimi nilikasirika. Nilisema moyoni, umemnyima bibi alichokiomba, basi angalau kimbia. Nilikaa na hasira hiyo mpaka siku aliponijia saluni nimsuke. Ilikuwa asubuhi, wateja bado. Alikaa kwenye kiti, mimi nyuma yake, na kama kawaida yetu tukaongea kwa kioo: yeye mikono iko huru, mimi yangu imo nyweleni, kwa hiyo akisema nasikiliza tu. Watu walinitania kwamba hapo ndipo pekee duniani ninaponyamaza.

Nilikuwa nimegawa nywele mstari wa kwanza alipoinua mikono.

"Alikuja," alisema.

Nilisimamisha vidole. Akanionyesha niendelee kusuka.

"Mara hii hakukimbia. Alifika. Nyayo zilisimama nyuma ya kiti changu, hapo ulipo wewe. Akaniita kwa jina la utotoni, ambalo hata dada, mama yako, halijui. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikawaza ndege, nikawaza wale watu. Sikubonyeza. Akaniita tena."

Nilitaka kumwambia basi, usiseme tena, lakini nilikuwa nimeshika mafungu matatu ya nywele na sikuweza kuyaachia.

"Ndipo akaniuliza kama namsikia."

Alinitazama kiooni, kuhakikisha nimeelewa. Halafu akafanya vile vile alivyofanya mle ndani, vile alivyowafanyia wauza duka na makondakta na wapita njia maisha yake yote: akagusa sikio kwa kidole, akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo kwa adabu.

"Akaniamini," alisema. "Akageuka. Nikamsikia akienda na ule mguu wake, anakwenda, anakwenda, mpaka nikawa kiziwi."